Springi ya Kitanda

Nesi alimtazama mtoto aliyening'inia kwenye mizani, machale yakamcheza. Mbavu zilihesabika, mashavu yamebonyea, lakini mshale ulisimama kwenye kilo saba na nusu. Kadi ilisema miezi mitatu iliyopita, alipopimwa mara ya mwisho, alikuwa saba. Mtoto anakonda huku anaongezeka uzito?

"Mvue nguo zote," alimwambia mama yake.

"Si amebaki na fulana tu, dada?"

"Mvue."

Mwaka ule alishakamata wanawake wawili waliofunga mawe kwenye nguo za watoto ili wasigombezwe. Akaikung'uta fulana, akakunjua na kanga ya kubebea. Hakuna kitu. Mshale haukusogea.

"Unanipekua kama mwizi!" Mama alimnyakua mwanawe. Kina mama waliokuwa kwenye benchi wakamkodolea nesi macho. Nesi aliona aibu, ila wasiwasi haukumtoka. Kama si mama, basi nani? Akaitupia jicho mizani. Ikiwa tupu, mshale ulikaa kwenye sifuri, sawasawa kabisa.

Alijaza maji kwenye chupa tatu za lita moja moja. Lita ya maji ni kilo moja, hilo halina ubishi. Akatundika ya kwanza: kilo moja na robo. Akaongeza ya pili: mbili na nusu. Ya tatu: tatu na robo tatu. Kila kilo ilivuta springi kupita kiasi, na uongo ulikua kadiri mzigo ulivyokua. Akapiga hesabu: saba na nusu kugawanya kwa moja na robo. Mtoto yule alikuwa na kilo sita.

Alifungua kifuniko kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na springi nyembamba, ncha zake zimekunjwa kwa koleo. Aliyekuwa na ufunguo wa stoo ilimokaa mizani, mbali na yeye, ni mmoja tu: mlinzi, mzee waliyemwita Mjomba Kufuli.

"Mjomba, nani kagusa mizani?"

"Mizani ipi?"

"Tunazo ngapi?"

Mzee alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Nilitundika gunia langu la mkaa, mwanangu. Springi ikanyooka, ikagoma kurudi. Nikachomoa nyingine kwenye kile kitanda kibovu cha stoo, nikarudisha mshale kwenye sifuri. Nikajua yameisha."

"Lini?"

"Miezi miwili sasa."

Nesi alikaa kwenye benchi. Miezi miwili alikuwa akiandika "anaendelea vizuri" kwenye kadi za watoto ambao macho yake yalimwambia vingine. Alimtilia shaka mama mtu, hakuutilia shaka mshale.

Mtoto alipelekwa hospitali siku ileile, na Mjomba Kufuli akapelekwa kwa mkuu wa zahanati kujieleza. Mizani nyingine ikaazimwa. Nesi akachukua daftari, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaita watoto wote wapimwe upya. Wanne walikutwa wamepungua.

Wiki tatu baadaye, yule mtoto aliporudi kutoka wodini, nesi alikwenda kumjulia hali. Mama yake alifungua mlango nusu.

"Anakula?"

"Anakula."

"Nisamehe, dada yangu. Nilikukosea mbele za watu."

Mama alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Nimekusikia," alisema. Hakumkaribisha ndani, lakini alimgeuza mtoto begani ili nesi amwone uso.