Ankara Ndani ya Kikapu cha Harambee

Mutie wa Kibwezi alikuwa fundi wa viti vya ndege, na ukicheka, wewe si wa kwanza. Kampuni moja ya Nairobi iliyounda ndege ndogo za kunyunyizia mashamba dawa ilimwagiza fremu za viti, naye akazichomelea katika karakana yake ya mabati kando ya barabara ya Mombasa. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata moja. Kilichopaa ni maringo yake.

Maringo hayo ndiyo yaliyomponza siku ya harambee ya kanisa, Machi 1986. Watu walitoa mbuzi, kuku na madebe ya ndengu, kila zawadi ikitangazwa mbele ya umati. Zamu yake ilipofika, Mutie hakuwa na hata ndururu. Akachomoa ankara aliyoiandikia kampuni, shilingi elfu ishirini, akaitia kikapuni. Mchungaji Nzuki akasoma hesabu kwa sauti, na wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, wakapiga vigelegele. Ahadi ni deni, lakini Mutie alikuwa ametoa deni la mtu mwingine.

Kwa nguvu ya karatasi hiyo, Waringa mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatoa mabati kwa mkopo. Wanawake wakabeba mawe mgongoni, ukuta ukasimama, paa likaezekwa. Sasa ilikuwa Novemba, kampuni haijalipa, na Waringa alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana.

"Mzee Mutie, mimi sina ubaya na kanisa. Lakini nikikosa pesa yangu Jumamosi, naleta vijana watoe mabati yangu huko juu."

Mutie akakimbia posta kupiga simu. Irungu, karani wa ununuzi wa kampuni, akamjibu kwa sauti tamu. "Mzee, tuletee viti arobaini kwanza, tutalipa zote pamoja. Ukiacha kuleta, hiyo ya zamani itakaa nyuma ya laini."

Alitoka posta amebanwa huku na huku. Chuma alinunua kwa pesa taslimu, kwa hiyo kila kiti kipya kilimzamisha zaidi. Akiacha kuviunda, alichokuwa anadai kimepotea. Aliogopa, na alijichukia kwa kuogopa.

Mkewe, Kalunde, aliuza ndengu sokoni. Alizimwaga nakala za ankara zote mezani akazichambua kwa vidole. Hii ililipwa baada ya siku thelathini. Hii sitini. Hii mia na kumi. Saba zilikuwa hazijalipwa kabisa, na ile ya kikapuni ilikuwa na miezi minane.

"Baba Mumbua, wewe unasema wale ni matajiri juu ya kuuza ndege. Mimi naangalia tarehe. Kila mara wanachelewa kushinda ile ingine. Hao watu ni wagonjwa."

"Na pesa yetu yote?"

"Ndengu ikiingia wadudu, hatuhesabu tena kwa gunia."

Kitu cha thamani ya elfu ishirini kilikuwa kimoja tu hapo: mashine ya kuchomelea, ya dizeli, aliyoitafutia pesa kwa miaka sita. Kuitoa ni kuizika kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Ijumaa asubuhi akamwita Waringa aje kuichukua kulipia mabati. Waringa akaiwasha, akasikiliza mlio, akaitikia kwa kichwa. Wanawake wa mwethya wakasaidia kuipakia kwenye mkokoteni wakiimba, wakidhani mzee anaagiza kubwa zaidi. Hakuwasahihisha, na hilo lilimuuma kuliko mashine yenyewe.

Wiki mbili baadaye Irungu akashuka kwenye basi akifuata viti vyake. Akakuta karakana haina mashine.

"Mzee, mashine iko wapi?"

Mutie akaonyesha kwa kidole paa la kanisa, ng'ambo ya barabara.

"Iko pale juu."

Irungu akakaa kwenye fremu moja ambayo haikuwa imekamilika. Sauti yake tamu ilikuwa imekwisha.

"Mzee, hatujalipwa mshahara miezi nne. Wale tuliwauzia ndege hawajatulipa pia." Akatazama viatu vyake. "Nilitumwa na nauli ya kuja tu. Unaweza kunisaidia na ya kurudi?"

Mutie alitaka kumtukana. Lakini Kalunde, aliyekuwa ametoka sokoni, akafungua fundo la leso yake, akahesabu pesa za ndengu, akazitia mkononi mwa yule kijana.

"Hii si mkopo," akamwambia. "Sitaki kukudai."