Swali la Askari Kisiwani

Wazo la kwenda kisiwani lilikuwa la Gervasi. Alikuwa fundi seremala pale Mwanga, mjini Kigoma, na tangu aoe hakuwahi kumpeleka mkewe popote zaidi ya kanisani na sokoni. Mwaka ule wa tisini na saba, Nane Nane ilipokaribia, akamwambia Astérie, "Safari hii tupumzike kama watu wengine. Tuzunguke kisiwa, mtoto aone nyani."

Astérie alifurahi mpaka aliposikia kwamba wifi yake naye anakuja.

Agnesi, dada mkubwa wa Gervasi, kwa miaka tisa hakuwahi kumwita Astérie kwa jina. Alimwita "huyo wa kambini," ingawa kambi Astérie hakuijua. Alivushwa mpaka wa Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Ujiji, akasoma Ujiji, akaolewa Ujiji mchana kweupe. Lakini mwaka ule mambo yalikuwa yamechacha. Wakimbizi waliokaa mitaani walikuwa wakikusanywa na kupelekwa makambini, na Agnesi alikuwa amepata la kusema kila siku.

Walipanda boti Katonga. Agnesi alipakata kapu la samaki kana kwamba litaibwa.

"Migebuka nimeikaanga mwenyewe," alimwambia Wema, binti wa Astérie. "Leo utakula chakula cha kwa baba yako."

Gervasi akajifanya anatazama maji.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kizuri. Maji ya kando yalikuwa maangavu, samaki wadogo wa bluu na njano wakipenyapenya kwenye mawe. Njia nyembamba ilipanda kwenye miti, ikapita chini ya mwamba uliotota, ikaendelea kuelekea kileleni, ambako mtu huiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Wema alikimbia mbele akihesabu mijusi. Astérie alimfuata, na nyuma yake akaisikia sauti ya wifi yake, bila kupumzika: viatu vyake, mwendo wake, alivyomlea mtoto.

Nusu ya njia wakakutana na askari wa kisiwa, ameketi kwenye jiwe na daftari lake. Alijitaja kuwa Mwinshehe, mtu wa Morogoro, ana miezi miwili tu Kigoma. Aliandika majina. Alipofika kwa Astérie, Agnesi akadakia.

"Huyo muulize vizuri. Muulize alizaliwa wapi."

Askari akainua macho. "Mama, umezaliwa wapi?"

Astérie alimtazama mumewe. Gervasi alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Nakaa Mwanga," alisema Astérie.

"Sikuuliza unakaa wapi."

Hapo Agnesi akamgeukia Astérie, akamfokea kwa Kiha, lugha inayokaribiana sana na Kirundi, maneno yakimtoka kama mvua ya mawe, akimalizia na "Genda! Genda!" yaani nenda, huku akinyoosha mkono kuelekea kaskazini, upande wa Burundi. Astérie alijibu kwa lugha ile ile, kwa sauti ya chini, kwamba haendi popote.

Askari akasimama. "Kumbe mnaelewana! Nyote wawili ni Warundi. Tunashuka pamoja, mkajieleze kituoni."

"Mimi?" Agnesi alipiga kelele. "Mimi Muha wa hapa hapa! Gervasi!"

Gervasi aliruka. Hakuna aliyewahi kumwona na haraka ile. "Afande, huyu ni dada yangu! Tumbo moja! Baba yetu amezikwa Mwanga, muulize mtu yeyote!" Alimshika Agnesi bega, akajiweka mbele yake.

Askari akafikiri. "Na huyu mwingine?"

Gervasi akatazama daftari. "Huyu... naishi naye."

Wema alikuwa amerudi, amesimama katikati ya njia. Alisema, "Ni mama yangu," kisha akaanza kulia.

Askari aliwatazama wote wanne kwa karaha, kama aliyechoshwa na ugomvi wao, akafunga daftari. "Ondokeni kisiwani kwangu. Sasa hivi."

Kileleni hawakufika. Kwenye boti Agnesi alifungua kapu, akala peke yake, akitema miiba majini. Kuomba radhi hakuomba, siku ile wala baadaye. Walipotia nanga Katonga, Astérie alimshika Wema mkono, akashika njia ya Ujiji kwa mama yake.

Gervasi alifika Jumapili. Astérie alimkuta mlangoni, na hakumkaribisha kiti.

"Niliogopa," Gervasi alisema. "Mke wangu, niliogopa."

"Kwa dada yako hukuogopa."

"Turudi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" alimuuliza, akasubiri. Gervasi akaangalia barabarani kama kuna mtu anayesikiliza. Astérie akafunga mlango.