Bei ya Kusubiri

Hakuwa na cheo, hakuwa na pensheni, hakuwa na hata cheti cha utumishi mwema. Mdogo wake pia hakuwa naye tena. Alichotoka nacho kambini ni daftari la redio la siku ile, kalificha ndani ya shati.

Siku ile yeye ndiye alikuwa mtu wa redio. Mdogo wake, koplo, alikuwa darajani na askari tisa, akiomba ruhusa ya kurudi nyuma. Aliomba mara sita, na mara sita kanali akajibu, "Subiri, nataka uhakika." Uhakika ulipofika, darajani hapakuwa na wa kuambiwa. Kanali akaandika kwamba mtu wa redio alichelewesha ujumbe, naye akafukuzwa kama mbwa koko.

Akapata kazi kwenye chumba cha wauza fedha za kigeni, chini ya mwanamke aliyeitwa Mama Bei.

"Kaka, humu huingii sokoni kabla hujaandika: hasara ikifika hapa, natoka," alimfundisha. "Ikifika, humuulizi mtu."

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Mimi nimeolewa mara mbili. Ila kosea mapema, kosea kidogo."

Wenzake walicheka. Yeye alilifikiria daraja. Kanali angeandika asubuhi ile, "Wakishambuliwa mara mbili, warudi," mdogo wake angekuwa hai.

Miaka kumi na miwili ikapita. Mama Bei akamtupia barua mezani. Kanali, sasa mkuu wa chuo cha maofisa, alikuwa akitafuta mtu wa sokoni awafundishe wanafunzi kuamua haraka.

"Anajua uko hapa?"

"Kwake mimi nilishazikwa."

"Utakwenda kumtukana?"

"Nikimtukana nitampa nafasi ya kujitetea, dada. Nitafundisha."

Akaandika kwamba amekubali. Akaandaa somo moja, mfano mmoja: kurasa mbili za daftari, saa na dakika, maombi sita, majibu sita, na saini ya kanali chini ya kila jibu. Katika barua akaomba mkuu wa chuo akae mbele, ayasome majibu kwa sauti yake mwenyewe. Akatoa nakala themanini, moja kwa kila mwanafunzi.

Kwenye bahasha ya nakala hakuandika jina la mkuu. Aliandika la darasa, wanafunzi waifungue wao wenyewe. Akalamba gundi, akaikandamiza kwa ngumi, akaipeleka posta kwa miguu yake na kusimama dirishani mpaka ikagongwa muhuri.