Jibu la Mikono ya Mama

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kioo cha simu kilikuwa sikio. Sikio kubwa lenye hereni ya shaba, limejaa kioo kizima. Mama yangu ni kiziwi tangu utotoni, lakini miaka yote amewaona watu wa Usoke wakiweka simu sikioni, basi naye akaweka.

"Yustina, mshushie simu!" nilimpigia kelele binamu yangu aliyekuwa naye, huku mbavu zinaniuma kwa kicheko.

Nilitoka kijijini Usoke nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaja kushona sare za shule hapa mjini, Mtendeni. Nyumbani mimi na mama tulizungumza kwa mikono, lugha tuliyoitengeneza wenyewe jikoni na kwenye shamba la tumbaku. Nilipoondoka ikakatika. Nikitaka kumsalimia nampigia mjomba Wilbroad kwenye kitochi chake, kisimu cha vitufe, na jibu ni lile lile: "Anasema sawa." Jamani, mama yangu Apolinaria? Mwanamke aliyebishana na karani wa mizani ya tumbaku kwa vidole vitupu mpaka karani akanywea?

Simu ya kuonana uso kwa uso ilikuwa ghali kuliko cherehani yangu. Kila mwisho wa mwezi nilipita dukani kwa mzee Awadhi kuitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Imakulata. Usinunue."

Mfanyabiashara gani anafukuza mteja! Akanieleza, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba huko Asia kampuni zinazotengeneza chipu, ule ubongo wa simu, zimeshikana mashati. "Huyu akishusha bei, yule anashusha zaidi. Chipu iliyokuwa ya simu za wakubwa, sasa wanaitia kwenye simu za akina sie. Waache wagombane, mwanangu. Wewe shona."

Nikashona. Mungu anisamehe, hata kanisani niliomba wasipatane.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Januari moja, mambo mawili yakaja wiki moja. Mzee Awadhi aliniita kunionyesha simu mpya, bei yake chini ya nusu ya ile niliyozoea kuitazama. Na Alois, seremala wa mtaa wa pili, akapeleka posa kwetu. Mjomba akapiga: "Mama yako anasema sawa."

Nilikasirika sana. Alois nilimpenda, lakini kuolewa kwa "sawa" ya mjomba sikutaka. Ulikuwa msimu wa sare, ruhusa hakuna, hivyo nikainunua ile simu, nikamkabidhi Yustina akapanda nayo basi la Usoke. Mimi nikaazima ya Alois.

Sikio likaondoka, uso wa mama ukaja. Akaigeuza simu nyuma kunitafuta, akarudi. Kisha mikono ikaanza. Umekonda. Nani kakusuka vibaya hivyo? Mbuzi amezaa mapacha. Niliegemeza simu kwenye kopo la vifungo nikajibu kwa mikono yote miwili, nikilia na kucheka.

Nikamuuliza kuhusu Alois. Akakunja uso. Alois yupi?

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Alois mwenyewe alikuwa amejibana nyuma ya mlango, maana kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe. Nikamwonyesha mama mlango. Akaamuru: mtoe. Akatoka kichwa chini, kofia mkononi. Mama akamtaka aonyeshe viganja. Akavichungulia kwa muda mrefu, sugu moja moja, akatabasamu kidogo, halafu akatikisa kichwa na kusema maneno marefu kwa mikono.

"Anasemaje?" Alois akanong'ona.

"Anasema hapana. Mpaka kwanza uende ukachume naye tumbaku, akuone unavyofanya kazi na unavyokula."

Alois, ambaye alichuma tumbaku ile mpaka Aprili na sasa ni baba wa wanangu, hunikumbusha kwamba siku hiyo alidhani nimerukwa na akili. Amekataliwa, na mchumba wake anarukaruka kati ya vitambaa vya sare. Ningemwelezaje? Miaka mitatu, kwa mdomo wa mjomba, mama yangu hakuwa amenikatalia kitu.