Mwenye Ufunguo wa Wiki Hii

Mgeni rasmi alifika kwa wakati, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, akakuta mlango wa ukumbi umefungwa kwa kufuli. Akasimama juani na suti yake, anatabasamu kama mtu aliyebanwa na kiatu. Nyuma yake walijaa wanakamati, wazazi, na vijana wa kikundi katika fulana mpya za njano, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Tuzo ilikuwa ya fundi cherehani. Kiongozi Bora wa Kujitolea, ndivyo bango lilivyosema, na jina lake chini yake kwa herufi kubwa. Tusidanganyane: aliitaka. Kuna watu hujifanya sifa hawazijali. Yeye hakuwa mmoja wao. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akifunga kibanda chake mapema kila Alhamisi, wateja wakimnung'unikia, aende ukumbini hapo akawafundishe watoto wa watu kukata kitambaa, kutengeneza viti vilivyovunjika, na kusema "samahani" bila kununa. Hakulipwa hata senti. Mama yake aliita kazi hiyo upuuzi. "Wenzako wanajenga, wewe unalea watoto wa watu bure," alikuwa akisema, na asiposema aliguna, na mguno wake ulisikika nyumba ya pili. Leo mama huyo amekuja, kavaa nguo aliyovaa kwenye harusi ya kifungua mimba wake. Kwa ajili ya uso wa mama yule, fundi angeipokea tuzo hata ingekuwa kifuniko cha sufuria.

"Ufunguo uko wapi?" akauliza mwenyekiti wa kamati, jasho likimtiririka kwenye kola.

Sasa, kikundi kile kilikuwa na desturi yake, na mwenyekiti angekuja hata Alhamisi moja angeijua. Ufunguo wa ukumbi haukukaa kwa kiongozi. Kila wiki ulikwenda kwa kijana mmoja, tena si yule mwema kuliko wote, bali yule ambaye wiki hiyo watu walimshuku zaidi. Ukisingiziwa, ukisemwa, ukitoka kuhojiwa polisi, basi ufunguo ni wako mpaka Alhamisi ijayo, na hakuna wa kukunyang'anya, hata fundi mwenyewe. Tangu waanze hakijapotea hata kijiko. Kilichopotea ni ufunguo wa akiba, na huo ulikuwa mikononi mwa kamati.

Wiki hii simu ya jirani mmoja ilikuwa imetoweka, na mtaa mzima ukamkodolea macho kijana mmoja mrefu aitwaye Twiga. Twiga, kabla ya kujiunga na kikundi, aliwahi kuvunja mlango huu huu akaondoka na spika.

"Anao Twiga," fundi akasema. "Ajabu, huwa hachelewi."

Mwenyekiti akakohoa. "Huyo nilimwambia asije."

"Ulimwambia nini?"

"Jana nilipita kwao. Nikamwambia leo apumzike. Dada, tuelewane. Kuna mgeni, kuna wapiga picha. Aliyevunja ukumbi hawezi kukaa mbele amevaa fulana yetu."

"Na hukumuuliza kama ana ufunguo?"

"Ningejuaje kuwa mnampa mwizi ufunguo!"

Vijana wakaguna kwa pamoja. Fundi akajikaza. "Basi mfuate. Kwao si mbali. Mwombe radhi, aje atufungulie."

"Mimi? Nimwombe radhi yule?" Mwenyekiti akamgeukia katibu wake. "Tafuta nyundo."

Fundi akaenda akasimama, mgongo mlangoni. "Mwenyekiti, hebu nikumbushe. Kosa la Twiga lilikuwa nini?"

"Si alivunja mlango huu?"

Hakuna aliyecheka. Mgeni rasmi aliangalia saa yake, kisha viatu vyake. Mwenyekiti mwenyewe alichelewa kidogo kuelewa alichosema, na alipoelewa akakasirika zaidi.

"Sogea, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Usijiharibie siku yako. Ukumbi huu ni wa kamati. Ukitutia aibu leo, Alhamisi mtafute pengine pa kukaa."

Fundi akamtafuta mama yake kwa macho. Mama alikuwa ametazama pembeni, midomo kaibana, na fundi hakujua kama ni aibu au hasira, wala ni kwa nani. Nyundo ikaja. Katibu akampitia ubavuni, akagonga mara kadhaa, kufuli likaanguka. Watu wakaingia wakisukumana, na mama akabebwa na msongamano ule. Vijana hawakuingia. Walikuwa wanamngoja fundi.

Hapo ndipo Twiga akatokea, mbio mbio, shati limepigwa pasi. Msichana mmoja wa kikundi alikuwa amempigia simu. Akaliangalia kufuli lililolala chini, kisha ufunguo ulioko mkononi mwake.

"Nani kavunja?"

"Mwenyekiti," wakamjibu.

"Polisi wameshakuja?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Twiga naye alicheka, kisha akaacha. "Dada, ingia bwana, wanakusubiri. Mimi nitakaa huku nje. Nimezoea."

Neno hilo la mwisho lilimchoma fundi kuliko nyundo yote ile. Amezoeshwa na nani? Miaka yote ya kuhangaika, ili mtoto azoee kukaa nje ya mlango aliopewa kuulinda?

"Hapa hakuna wa kuzoea," akasema. "Kaeni chini wote."

Wakakaa barazani. Ndani, kipaza sauti kilimwita kwa jina lake kamili, makofi yakapigwa. Kikamwita tena, makofi yakapungua. Mara ya tatu kukawa kimya, na vichwa vikaanza kuchungulia mlangoni.

"Tuzo mpeni aliyevunja mlango!" fundi akajibu, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Sisi tuna kikao. Ajenda ya kwanza: Alhamisi tutakaa wapi."

Ilimuuma, asikudanganye mtu. Macho yalikuwa yanamwasha, na alijua kibanda chake hakiwatoshi hata robo yao. Lakini hakusimama.

Kukasikika kiti kinaburutwa, kisha mama yake akatoka, polepole, akishika ukuta kwa sababu ya magoti. Akawatazama mmoja mmoja mpaka akafika kwa Twiga.

"Wewe ndiye waliyemkataza kuja?"

"Ndiyo, bibi."

Mama akauvua mkoba begani, mkoba ambao hata wanawe hawakuruhusiwa kuugusa, akamtupia mapajani.

"Nishikie," akasema. "Na msogee huko, nami nikae."