Jibu Nililompa Verlyn

Mimi ni mkono wa birika, na sioni haya kulisema, maana hapa kwetu kaskazini mwa Wisconsin ubahili tunauita busara. Katika ndoa yetu mume wangu Verlyn alishika ng'ombe, mimi nikashika makaratasi. Tulipouza ng'ombe, yeye akaenda kuendesha greda la kaunti, nami nikabaki na makaratasi yangu. Hakuwahi kusoma bili hata moja. Akitaka kujua jambo aliniuliza mimi, na nikishamjibu, yameisha.

Oktoba alikuja Duane, binamu yake, wakala wa bima mjini, na fomu za kuhuisha bima ya gari. Alikaa jikoni kwangu akala vipande viwili vya pai ya tufaha kabla hajatoa kalamu.

"Shemeji, kuna hii ya malipo ya matibabu," alisema. "Mkipata ajali, kosa liwe la nani sijui, dola elfu tano za hospitali zinatoka hapa. Kuanzia ambulansi."

"Si tuna bima ya afya?"

"Mnayo. Ila ile haitoi kitu mpaka nyinyi mmeshatoa elfu saba zenu."

"Iache ibaki bwana, Arlys," Verlyn alisema, yuko mlangoni anavua buti. "Dola sita kwa mwezi. Haifiki hata bei ya bia zangu za Ijumaa."

"Basi acha bia."

"Unamwona shemeji yako?" akamwambia Duane. "Huyu akifika peponi ataomba punguzo mlangoni."

Tulicheka wote watatu. Nikiwa bado nacheka, niliipiga ile sehemu mstari, nikaweka sahihi pembeni.

Katikati ya Novemba, siku mbili kabla ya kufunguliwa kwa uwindaji, tulikwenda mjini kununua risasi zake. Huo ndio msimu ambao kulungu dume hupagawa na majike na kukatiza barabara bila kuangalia. Mmoja alichomoka kwenye mabua ya mahindi saa tisa mchana, jua linawaka. Verlyn alimkwepa, pikapu ikaingia mtaroni. Mimi nilipata mchubuko wa mkono. Yeye usukani ulimpiga chini ya mbavu za kushoto.

Waliokuja na ambulansi ni majirani, maana huku kazi hiyo ni ya kujitolea. Aliyeongoza ni Gaylen, fundi bomba wetu, bado ana matope ya kutambaa chini ya sakafu ya mtu akitengeneza mabomba. Alimbonyeza Verlyn tumbo, akakunja uso.

"Twende hospitali, mzee. Hiyo rangi yako siipendi."

"Nimezaliwa nayo."

"Sitanii, Verlyn."

Hapo ndipo mume wangu alinigeukia. "Arlys, ile ya matibabu kwenye gari, tunayo?"

"Hatuna," nikamjibu. "Si niliikata?"

Akatikisa kichwa, akamwambia Gaylen ampe karatasi ya kukataa, asaini. Gaylen hakushangaa. Hapa kwetu anayepanda ambulansi bila ubishi ni aliyezimia. Mtu akizidiwa na bili za hospitali, picha yake hubandikwa kwenye mtungi wa michango pale kituo cha mafuta, kisha ukumbi wa zimamoto unapika tambi za harambee na watu wanakuja kula kwa huruma. Verlyn hakupita mtungi bila kutumbukiza noti. Kuwa yeye kwenye mtungi, hilo hakuliweza.

Na mimi ningeweza kusema, panda, liwalo na liwe. Mungu anisamehe, nilikuwa napiga hesabu.

Gaylen, aliyekuwa amefika na gari lake moja kwa moja kutoka kazini, alitufikisha nyumbani. Verlyn alikaa kwenye kiti chake, akasema bega la kushoto linamuuma. Nikamwekea chupa ya maji moto, mimi mjinga, kwani bega na tumbo wapi na wapi? Saa kumi na nusu akasema anasikia baridi. Nikamfunika. Nilipoona midomo imekuwa ya kijivu nilipiga simu, na safari hii hakukataa, maana hakuwa na kauli tena. Gaylen alimkuta ameshaondoka.

Bandama ilikuwa imepasuka, na lile bega lilikuwa linauma kwa damu iliyomwagikia tumboni. Daktari aliniambia kwamba kama angeingia hospitali ile saa tisa, wangeiondoa na angerudi nyumbani baada ya siku chache. Nilimshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Tulimzika, tukala sandwichi za nyama ya nguruwe kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Wiki moja baadaye nilikwenda ofisini kwa Duane kutoa jina la Verlyn kwenye bima na kuirudisha ile ya matibabu. Nilikuwa nimebakiwa na kafaraja kadogo, na nilikuwa nimekashikilia siku zote hizo: ubahili ulikuwa wangu, lakini aliponiuliza nilimwambia ukweli.

"Irudishe," nilimwambia Duane.

Alifungua faili, akalitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Shemeji, haijatoka bado."

"Nilipiga mstari mwenyewe. Ulikuwepo, unakula pai yangu."

"Ulipiga mstari kwenye mkataba mpya. Huo unaanza Desemba mosi. Wa zamani bado unafanya kazi, na ile ya matibabu imo." Akaligeuza faili nione. "Nilidhani unajua. Gaylen aliponiambia Verlyn amekataa kupanda, nikasema ni ule ukaidi wake tu."

Akavuta droo, akanisogezea fomu nyingine taratibu. Alisema sehemu hiyohiyo hulipa na gharama za mazishi, nisaini tu hapo chini, mengine atayashughulikia yeye.

"Na kwenye mkataba mpya niiandike?" akauliza.

"Iandike."

"Haya. Saini na hii basi, shemeji."

Kalamu niliishika, nikairudisha mezani. Akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia jambo ambalo hata binti yetu sijamwambia.

"Aliniuliza, Duane. Alikuwa anataka kupanda, ndiyo maana aliniuliza."