Mshono wa Kusimama

"Kikishabanwa hivi, mama, hukigusi tena mpaka umalize," mkaguzi alisema, akikaza skrubu ya jiliwa lililokibana kipande cha chuma mpaka ikalia. "Unasogea wewe. Chuma hakisogei. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Alijibu haraka, kinyago cha kuchomelea tayari kichwani. Chuo kizima kilimwita Bibi Cherehani. Jina walimpa vijana wa darasa lake siku ile ya kwanza, alipoingia karakana ya chuo na ovaroli mpya, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni kwa mazoea tu. Waliangua kicheko, naye akacheka nao. Angekasirika vipi, na ujana wake wote aliumalizia nyuma ya cherehani, kwenye kiwanda cha nguo za kazi? Kiwanda kilipofunga milango, chuo cha ufundi cha mtaani kikafungua darasa la kuchomelea vyuma kwa walioachishwa kazi, vijana kwa wazee. Wanawake walianza kadhaa. Huyu akashindwa na macho, yule na moshi, yule na mume. Akabaki yeye, mng'ang'anizi.

Sasa leo ndiyo leo. Karakana ya kutengeneza mabehewa ya treni ilikuwa imemtuma mkaguzi wake hapo chuoni. Atakayefaulu anaanza kazi, atakayeshindwa anarudia mwaka ujao. Maneno hayo ni matamu kwa vijana. Yeye mwaka ujao atakuwa amepita umri wanaoupokea, kwa hiyo kwake mwaka ujao haukuwapo.

Vipande vya kulala, vinavyochomelewa vikiwa bapa mezani, alikuwa amevimaliza asubuhi, na mkaguzi alivitazama akaguna kwa kuridhika. Kilikuwa kimebaki cha kusimama: mabamba mawili yamesimamishwa wima usawa wa kifua, na mshono unapanda katikati yake kutoka chini kwenda juu. Hicho ndicho kinachoumbua watu. Chuma kikiyeyuka kinataka kuanguka, nawe unatakiwa ukibembeleze kishike.

"Usikimbie, mama," mwalimu wake alinong'ona akipita. Alikuwa kijana wa rika la mwanawe wa kwanza, na alimpenda mama huyu waziwazi. "Pembeni subiri, katikati pita."

Akashusha kinyago. Dunia ikawa giza, kisha ikabaki nukta moja ya mwanga. Akaanza. Kushoto, subiri. Kulia, subiri. Mlio ulikuwa ule mzuri, wa mafuta yaliyokolea moto, na nyuma ya nukta ile mshono ulipanda tabaka juu ya tabaka, umelala vizuri. Mungu wangu, naweza, alijiambia. Akaona geti la karakana ya mabehewa, akajiona akiingia na wenzake asubuhi, mtu mwenye pa kwenda.

Juu kidogo ya katikati mkono ukachoka. Kiwiko hakikuwa na pa kuegemea, moshi ukamjia usoni, na mshono ukaanza kuacha mstari. Hapohapo fimbo ya kuchomelea ikaisha. Akasimama, akachomoa kile kishina, akapachika nyingine.

Jamani, mtu anayeshona kola hazunguki na kola. Amekaa kitini pake, sindano iko mahali pake, na kitambaa ndicho kinachogeuzwa kuifuata. Ukimwambia akiache kitambaa azunguke yeye, atakuona umerukwa na akili. Mkono wa kulia ulipokuwa ukipachika fimbo, wa kushoto ulikwenda zake kwenye jiliwa, ukalegeza skrubu, ukakilaza kipande kidogo, ukakaza tena. Ulifanya hivyo bila papara, na bila kumuuliza mwenyewe. Kisha akaendelea, na mshono ukateleza mpaka juu kabisa.

Akainua kinyago. Alikuwa akitabasamu, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

"Umekigeuza, mama," mkaguzi alisema.

"Nini?"

"Kipande. Umekilaza."

Akatazama. Mabamba yalikuwa yameegama kama mtu anayesinzia. "Nani kakilaza?" aliuliza, na aliuliza kwa moyo safi kabisa. Kijana wa meza ya pili alicheka, kisha akaona aibu akainamia kazi yake.

"Wewe. Kwa mkono huo wa kushoto."

Akautazama mkono wake ndani ya glavu, kama unavyomtazama mtoto wa mgeni aliyevunja kikombe chako.

Mwalimu alishafika. "Mzee wangu, tumpe kingine. Ni mazoea tu ya kazi yake ya zamani."

"Ndicho ninachokiogopa," mkaguzi alisema, naye hakusema kwa ubaya. "Akiwa chini ya behewa, mazoea yakimjia, atageuza nini? Tena wawili asubuhi nimewakatalia kurudia. Huyu nimpe kwa kuwa ni mama yetu?"

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalikuwa ya kweli. Bibi Cherehani hakupata hata mtu wa kumkasirikia.

Mwalimu hakukubali yaishe hivyohivyo. Akakinyakua kipande kwa koleo, akakipoza, akakata ukanda wake mmoja na kuuweka kwenye mashine ya kukunjia. Chuma kikajikunja polepole, mshono ukiwa kwa nje, mahali ambapo mshono mbovu hupasuka. Kikakunjwa mpaka ncha zikakaribia kugusana. Mkaguzi akapitisha ukucha juu yake, akatafuta ufa, hakuuona.

"Mshono mzuri," alisema. "Mzuri sana, mama." Akamrudishia, kisha akaita jina linalofuata.

Nyumbani mumewe alikuwa mlangoni. Huyu kiwandani walimwita Mkasi, kwa kuwa alikuwa mkuu wa meza ya kukatia, na vitambaa vyote alivyoshona mkewe vilipita kwanza mikononi mwake. Tangu kufungwa kwa kiwanda alikuwa akisema anapumzika. Leo alikuwa amenyoa ndevu.

"Enhe?"

"Nimekigeuza."

Mkasi aliitazama mikono ya mkewe, kisha akaelewa. "Kama kola?"

"Kama kola."

Akacheka kidogo, akajifuta uso kwa kiganja. Mkewe akaingia ndani, akaketi kitandani na ovaroli yake.

"Tutafanyaje, baba watoto?"

"Sijui, mke wangu. Kweli sijui."

Mkasi akaketi kando yake. Nje watu walipita wakisalimiana. Mwishowe Mkasi akasema, "Hebu nionyeshe basi. Inapandaje?"

Mkewe akainuka, akasimama mbele ya ukuta, akaweka kidole chini usawa wa tumbo. Kushoto, subiri. Kulia, subiri. Kidole kikapanda juu ya chokaa taratibu, sawasawa, na Mkasi akakifuata kwa macho kama zamani alipofuata chaki. Kilipofika usawa wa uso wake, mkono wa kushoto ukainuka wenyewe, ukafunguka kiganja, ukausukuma ukuta ili ugeuke.